Mshale Hushikwa Hivi

Juzi nilialikwa siku ya wazazi shuleni kwa mjukuu wangu, hapa Munyaka. Kama unazijua siku hizo, unajua kazi ya mgeni: unakaa kwenye kiti cha plastiki, unachomwa na jua, unangoja soda. Nilikuwa nimeanza kusinzia wakati watoto wa darasa la nne walipoingia na ngoma ya kienyeji, wamejifunga mashuka, wameshika mikuki ya fito na ngao za katoni. Rafiki yangu, usingizi ulinitoka wote. Walikuwa wameshika ile mikuki namna unavyoshika ufagio wa kutoa utando wa buibui kwenye dari.

Nilijikaza nisiseme kitu. Mimi ni mwalimu mstaafu, najua adabu ya kualikwa. Lakini walipomaliza miguu yangu ilinipeleka yenyewe nyuma ya darasa, nikawapanga foleni na kuwaonyesha mmoja mmoja. Tafuta mahali fito inapotulia juu ya kidole kimoja, hapo ndipo pa kushika. Legeza vidole. Kidole gumba kilale, kisisimame. Mwalimu wao, msichana mdogo mwenye heshima zake, aliniangalia kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Shosho," akaniuliza, "si wewe ni Mkikuyu, tena wa kanisa? Hii maneno ulifunzwa na nani?" Nilimwambia ni hadithi ndefu na watoto wana njaa. Wewe nitakusimulia, maana naona una nafasi.

Tulihamia Uasin Gishu miaka michache baada ya uhuru, mimi nikiwa na miaka tisa hivi. Baba alikuwa amenunua shea katika kampuni ya wakulima iliyonunua shamba la mzungu upande wa Ainabkoi, na shamba lilipopimwa na kukatwa vipande tukapata chetu kwenye mteremko, pale mzungu alipokuwa akilishia ng'ombe. Tulishuka kwenye lori na magodoro, kuku sita, na mawe matatu ya jiko ambayo Mama alikataa kabisa kuyaacha Murang'a, utadhani huku hakuna mawe. Baba hakukaa. Alipata kazi kwenye kiwanda cha mbao mjini Eldoret, ambako wazee wa huku bado walikuita Sisibo, akawa anafika Jumamosi na mkate chini ya kwapa na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Kwa hivyo shamba lilikuwa la Mama na langu.

Baridi ya kule sijui nikueleze vipi. Kuna asubuhi maji ya kwenye karai yalikuwa yameshika barafu juu, nyembamba, na Mama aliivunja kwa kata ndipo tunawe uso. Tulikunywa uji wa wimbi ukituunguza ulimi kwa makusudi. Moshi wa kuni za miti ya miwati ulitukaa kwenye nguo mpaka shuleni walijua nani anatoka mteremko upi. Na treni ilipopanda mlima ikikohoa, Mama alisimamisha jembe na kuisikiliza mpaka ipotee. Nadhani alikuwa akiwaza kwao.

Mama alikuwa mtu wa kazi na maombi. Aliokoka zamani, na hakuogopa njaa wala fisi. Kitu alichokiogopa ni silaha. Wakati wa hali ya hatari kule kwetu, askari wa mkoloni waliingia nyumba kwa nyumba wakitafuta silaha, na kaka yake Mama alichukuliwa kwa sababu ya panga lililokutwa chini ya kitanda. Hakurudi. Tangu hapo panga letu lilikaa mlangoni, wazi, kila apitaye alione. Kisu cha jikoni hakikuwa na ncha. Mama aliivunja mwenyewe kwa jiwe, na maisha yangu yote ya utoto nilimenya viazi kwa kisu butu.

Sasa jirani yetu wa upande wa chini alikuwa mzee Mnandi, mrefu, mwembamba, masikio yametobolewa hadi yakaning'inia, na koti la jeshi ambalo sikuwahi kumwona bila hilo. Alikuwa amemchungia mzungu ng'ombe tangu ujana. Mzungu alipofunga virago, mzee aliuza ndama wake na kununua kipande cha ile ile ardhi aliyokuwa akiichunga. Mkewe alikuwa amekufa. Kwenye ukuta wa nyumba yake kulikuwa na mkuki, ngao ya ngozi ya nyati, rungu mbili, upinde, na podo la ngozi lililojaa mishale.

Nilitumwa kwake kuazima nyundo, nikamkuta anaupaka upinde mafuta ya ng'ombe. Mikono yangu ilitangulia kabla ya akili. Mzee alinigonga vidole kidogo na kusema kwa kile Kiswahili chake cha mashambani, "Kwetu msichana hapana gusa upinde ya mzee." Akaendelea kupaka. Halafu akaniangalia, akaangalia njia ya kwetu, akafikiri sana kwa mtu anayefikiria jambo dogo. "Lakini wewe si wa kwetu," akasema. "Mila haikujui." Akanipa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilipokwenda mtoni nilipita kwake, na ndoo yangu ikangoja mlangoni. Alianza na rungu. Nilidhani rungu hushikwa kwa nguvu, nikaikamata mpaka vifundo vikawa vyeupe, na mzee akaipokonya kwa vidole viwili kana kwamba nimeshika mshumaa. "Kushika si kukaza," aliniambia, na hilo alilisema mara nyingi kuliko salamu. Kidole cha mwisho ndicho kinachofunga mlango chini, hivyo vingine vinalala tu, kama umeshika kifaranga. Unakaza wakati wa kupiga peke yake, na ukishapiga unalegeza tena. Anayekaza muda wote, alisema, anachoka kabla ya adui kufika.

Upinde nao una siri yake. Mkono wa kushoto hauukamati, unausukuma, kwa ile nyama ya chini ya kidole gumba. Kidole gumba na cha shahada vinabana mkia wa mshale, viwili vinavyofuata vinavuta uzi, na mkono unakuja kifuani, si kwenye jicho. Mishale iliyofungwa ngozi kwenye ncha ilikuwa na sumu, hiyo sikuigusa hata siku moja, na mzee aliitundika juu kabisa nisipoweza kufika. Mkuki ulikuwa mzito kuliko mimi. Lakini aliniwekea juu ya kidole kimoja, akausogeza huku na huku, mpaka chuma cha mbele na chuma cha nyuma vikakubaliana na mkuki ukatulia. Nakumbuka nilicheka. Sikujua kitu kikubwa namna ile kinaweza kukaa juu ya kidole cha mtoto.

Alikuwa na wana wawili, wote wamesomea misheni, na mkubwa alikuwa tayari mwalimu huko Kapseret. Misheni iliwaambia vitu vya ukutani ni vya shetani. Walipokuja likizo walikaa wakiupa ule ukuta mgongo, wakanywa mursik, yale maziwa ya kibuyuni ya baba yao, kwa heshima, wakaondoka. Mzee hakuwalaumu mbele ya mtu. Siku moja tu, akiwa amekaa na rungu magotini, aliniambia, "Chuma nitaacha. Ngozi nitaacha. Mkono ndiyo siwezi kuacha. Mkono itaingia kwa shimo pamoja na mimi." Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa anachoogopa, na nilianza kujifunza kwa bidii zaidi kuliko nilivyojifunza hesabu.

Kilichoniponza ni boga. Mama alinikuta nyuma ya nyumba nikililenga boga lake kwa fito, na halikuwa la kwanza kutobolewa. Hakunipiga. Alinishika mkono tukateremka mpaka kwa mzee, na njiani nilisikia pumzi yake. "Mzee," alisema, "nakuheshimu sana. Lakini mtoto wangu asiguse hiyo vitu tena. Nyumba yetu ilishapoteza mtu kwa sababu ya chuma." Mzee alivua kofia. "Nimesikia, Mama," akasema. Sikujua nimkasirikie nani. Kwa miezi mingi nilipita na ndoo yangu bila kusimama, naye aliinua kidevu tu, nami nikainua changu.

Katika miezi hiyo hiyo kila mtu alikuwa akihamisha seng'enge, maana mipaka ya mzungu haikuwa mipaka yetu. Waya mmoja uliokazwa sana ukakatika na kumrukia mzee kwenye kiganja cha kulia. Hospitali walimshona, kidonda kikapona, lakini vidole havikufunga tena. Nilimwona akijaribu kushika kikombe kwa mkono ule, kikaanguka. Nililia njia nzima hadi nyumbani, na Mama aliponiuliza nilimwambia ni moshi.

Sasa sikia kosa letu, kosa la watu waliotoka mahali ambapo majani ya ng'ombe hukatwa kando ya barabara na kubebwa mgongoni. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, mbegu ya kizungu, mwekundu mwenye mabaka meupe. Maziwa yake ndiyo yaliyonipeleka shule, na ndiyo yaliyomfanya Mama asimame wima kati ya wanawake wenzake. Kipande chetu cha chini mzungu alikuwa amekipanda klova, ule mmea wa majani matatu matatu, na mvua ilipoanza ukafumka mpaka macho yanauma. Mama alisimama akauangalia na kusema Mungu ametukumbuka. Asubuhi moja, umande haujakauka, akamfungulia ng'ombe mwenye tumbo tupu aingie akashibe. Mtu yeyote aliyechunga ng'ombe wa wazungu angetuambia ngojeni jua, mpeni kwanza nyasi kavu, klova yenye umande humjaza ng'ombe upepo tumboni. Hatukumuuliza, kwa sababu mtu wa kuuliza ndiye tuliyekuwa tumemnunia.

Chai ilikuwa bado haijachemka nilipomwona. Ubavu wa kushoto ulikuwa umepanda kupita mgongo, na Mama alipoupiga kwa kiganja ulilia kama debe tupu. Ng'ombe alikuwa ametanua miguu, ulimi nje, povu linamtoka, macho yanaangalia mbali. Mama alimnywesha maji ya magadi, yakamwagika yote. Akaanza kuomba kwa sauti, na katikati ya maombi sauti ikamkatika. Mimi sikuomba ruhusa. Nilikimbia.

Mzee alikuja kwa hatua zake ndefu, ana mshale mmoja usio na sumu, na chini ya kwapa mrija wake wa kunywea pombe na wazee wenzake. Mama alipouona ule mshale alisimama kati yake na ng'ombe. "Si hiyo," akasema. "Mzee, si hiyo."

"Mama," mzee akasema polepole, "daktari ya mifugo iko Eldoret. Hii ng'ombe haifiki saa tatu. Lazima tumbo itobolewe, upepo itoke."

Aliinua mkono wake wa kulia, Mama akauona ulivyo. Wa kushoto haujui, alisema, utatoboa mahali si pake. Mama akanyoosha mkono wake mwenyewe. Mzee akampa mshale, akamwekea vidole, lakini Mama aliukamata kwa nguvu zake zote na ncha ikaanza kucheza huku na huku. Sidhani alikuwa anamwona ng'ombe. Mzee hakuniangalia hata kidogo. Aliangalia chini na kungoja, na ng'ombe akapiga magoti ya mbele.

"Mpe mtoto," Mama akasema.

Nilipoupokea ulikuwa na joto la mkono wa Mama. Mzee alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto akanionyesha lile shimo kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ambalo sasa halikuwa shimo bali kilima. Nilipima vidole vinne kutoka kwenye ncha na hapo nikabana, kidole gumba upande huu, cha shahada upande ule. "Hiyo ndiyo ukuta," mzee akasema. "Chuma ikifika kwa ukuta, inasimama. Lenga mguu ya mbele, ya upande ile ingine. Na kushika...?"

"Si kukaza," nikasema.

Nikaushika kama kifaranga. Nikapiga, nikakaza, nikasikia ngozi ikikataa halafu ikikubali, na vidole vyangu vikagota kwenye manyoya. Mzee aliniambia nizungushe kidogo. Upepo ukatoka na mlio wa sufuria inayochemka chini ya kifuniko, na harufu ya majani yaliyochacha ikatujaa puani mpaka nikakohoa. Mzee alikata kipande cha mrija wake kwa meno na kisu, akapiga magoti akakisukuma kando ya chuma, nikautoa mshale. Mama alikishika kile kipande kisitoke, kwa mikono miwili, amepiga magoti kwenye klova yenye umande, mpaka jua likapanda. Ubavu ulishuka taratibu. Ng'ombe akajaribu kuinuka, akashindwa, akainuka.

"Hiyo mrija, Mama," mzee akasema alipoona sasa watu wanaweza kuongea, "imekunywa pombe miaka mingi."

Mama hakugeuza kichwa. "Leo imeokoka," akasema.

Walicheka, rafiki yangu. Walicheka mpaka Mama akafuta macho kwa mkono wenye mavi ya ng'ombe. Kidonda tulikiosha kwa maji ya chumvi kila siku, na mzee akatufundisha habari za umande na nyasi kavu kama vile ni jambo tulilolisahau tu. Siku ya pili Mama alinitwika ndoo na kusema, "Ukitoka mtoni pitia kwa mzee. Lakini maboga yangu uyaache." Mimi niliyemjua nilijua neno hilo limemgharimu nini.

Nilijifunza miaka mitatu zaidi, mpaka nikaenda shule ya bweni. Mzee hakuweza tena kuonyesha, kwa hivyo alieleza, na alipokosa neno la Kiswahili alinishika vidole kwa mkono wa kushoto na kuvipanga. Akirudi nyuma kuniangalia alikuwa na uso wa mtu anayejiangalia kwenye kioo. Namshukuru kwa kila siku ya siku zile. Darasani nimefundisha watoto kushika penseli miaka zaidi ya thelathini, na sijapata njia bora kuliko yake.

Alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Nilifika mazishini nikaketi na wanawake, tukaimba nyimbo za kanisa la wanawe. Vitu vya ukutani vilikwenda kwa wana, kama ilivyotakiwa, na sikutarajia kitu. Leo ukipita pale hutaona klova. Vipande vimekatwa vikakatwa tena, mabati yamegusana, treni ya abiria hakuna, na seng'enge zile tulizozihamisha kwa jasho zimegeuka ukuta wa mawe. Nyumba ya mzee ilibomolewa na sehemu ile sasa ni sukuma wiki. Watoto waliozaliwa hapo hawajui palikuwa na ng'ombe wa mtu, wala kwamba majirani wa lugha mbili waliwahi kupiga magoti upande mmoja.

Lakini siku ya tatu baada ya mazishi, mwanawe mkubwa, yule mwalimu wa Kapseret, alipanda mpaka kwetu akiwa na suti na tai, amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi. Mama akampa chai. Aliinywa yote, akaweka kikombe chini.

"Dada, samahani," akaniambia. "Nimepewa mkuki wa mzee. Nikiushika, unaniangukia. Yeye alikuwa anaushika vipi?"

Tulitoka nje. Niliufungua ule mkuki, nikamwambia anyooshe kidole kimoja, na nikausogeza juu yake huku na huku mpaka ukatulia. Kisha nikachukua mkono wake wa kulia, nikaifungua ngumi kidole kimoja kimoja, nikalaza kidole gumba mahali pake. Nilimwambia asikaze. Alikuwa na vidole virefu vya baba yake, vizima vyote, na vilijifunga kwenye ule mti bila shida yoyote.

"Hivi?" akauliza.

Nilirudi nyuma hatua mbili nikamwangalia, mtu mzima wa suti na tai, na machozi yanamwanguka kwenye kola.

"Hivyo," nikamwambia. "Alikuwa anashika hivyo hivyo."